Jani Lilelile, Msimu Mwingine: Vidokezo vya Kulisha Mikunde Masisi

Anayetoka Sake, Kivu Kaskazini, akapanda Mushaki kuelekea Bihambwe anapita malisho juu ya malisho: kilima baada ya kilima, nyua za miti, ng'ombe chotara wa kahawia na wa mabaka, na pikipiki zinazoteremka na mabidoni ya maziwa. Huku ndiko linakotoka jibini la Masisi, lile gurudumu dogo la manjano linalouzwa Goma na kujulikana hadi Kinshasa. Kila mfugaji wa vilima hivi anajua kwamba kiangazi cha Juni hadi Agosti kikiingia, maziwa yanashuka. Lawama zote hubebeshwa nyasi. Nyasi zina makosa yao, lakini yuko mkosaji wa pili, naye amejificha ndani ya majani mabichi kabisa, yaleyale tunayoyapanda ili yatuokolee maziwa. Jina lake ni tanini.

Tanini ni kemikali ambayo mmea huitengeneza na kujikinga nayo dhidi ya wadudu na wanyama walao majani. Katika jamii ya mikunde ya malisho, kaliandra inayo nyingi, desmodiamu inayo, na lusina nayo haikosi. Kiwango chake hakitulii mwaka mzima, na ndiyo maana mzigo wa majani uliompa ng'ombe wako nafuu mwezi wa Aprili unaweza kumkatisha hamu ya kula mwezi wa Julai. Haya ndiyo ya kuzingatia.

1. Anza na ulimi wako

Chuma jani la kaliandra, litafune kidogo, kisha uteme. Ule ukakasi unaokausha mate na kukaza ulimi, kama umeonja ndizi mbichi, ndiyo tanini ikishika protini za mate yako. Ifanye kazi hii wakati wa mvua, uirudie katikati ya kiangazi kwenye kichaka kilekile.

Ukitaka ushahidi wa macho, ponda konzi ya majani, loweka katika maji ya moto, tumbukiza msumari wenye kutu na uache usiku kucha. Tanini na chuma vikikutana hutoa rangi nyeusi. Ni kanuni ileile iliyotumika karne nyingi kutengeneza wino. Kadiri maji yanavyokuwa meusi ndivyo tanini ilivyo nyingi. Hutapata namba, lakini ukitumia kipimo kilekile cha majani na cha maji kila mara, utajua msimu huu uko wapi ukilinganishwa na uliopita. Kwa kazi ya kila siku zizini, hilo linatosha kabisa.

2. Fuata jua, mvua na udongo

Mmea ukipata maji na chakula cha kutosha, hutumia sukari inayotengenezwa na jua kukuza matawi na majani. Ukame ukiingia, kukua husimama mapema, ilhali jua linaendelea kupiga na sukari inaendelea kutengenezwa. Ile ziada isiyo na kazi huelekezwa kwenye tanini. Udongo uliochoka, usio na naitrojeni wala fosforasi, huleta matokeo hayohayo hata mvua ikinyesha.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1939 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya tanini katika lespedeza, mkunde wa malisho wenye ukakasi mkali: kiwango kilipanda kadiri msimu wa joto ulivyosonga, kisha kikashuka, na majani yalikuwa na tanini nyingi kuliko mashina. Nyuzilandi, katika miaka ya 1980, mkunde uitwao lotasi ulipooteshwa kwenye udongo mchachu na maskini ulibeba tanini zaidi ya maradufu ya ule uliooteshwa kwenye udongo uliorutubishwa.

Kwa Bihambwe soma hivi: mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba ni majira ya ukakasi mdogo, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti ni majira ya kuwa macho, kile kifupi cha Januari na Februari ni cha kuangalia mwaka hadi mwaka.

3. Usiiogope tanini, ipime

Nasisitiza hapa kwa sababu wapo wanaosikia neno kemikali wakang'oa vichaka vyote. Ng'ombe ana matumbo manne. Lile kubwa la kwanza limejaa vijidudu vinavyochachusha chakula, na vijidudu hivyo huvunja protini nzuri ya majani kwa pupa. Sehemu kubwa hugeuka amonia na kuishia kwenye mkojo. Tanini inapoishika protini humo ndani, inaificha vijidudu visiifikie. Chakula kikifika tumbo la nne, penye asidi kali, tanini inaiachia protini, na mnyama anaifaidi mwenyewe kwenye utumbo.

Kwa hiyo tanini ya asilimia 2 hadi 4 ya chakula kikavu ni msaada. Ikizidi asilimia 5 au 6, mambo yanageuka: ng'ombe anakula kidogo, vijidudu vinakosa protini ya kujijengea, na nyasi alizomeza zinakaa tumboni muda mrefu bila kusagika.

4. Wakati wa mvua, iwe kinga ya kuvimba tumbo

Malisho ya nyanda za juu za Kivu yana klova nyingi zinazotambaa katikati ya nyasi za kikuyu. Mvua zikishika, klova huchipua laini, tamu, imejaa protini, na haina tanini ya maana kwenye majani yake. Ng'ombe mwenye njaa akiachiliwa asubuhi kwenye klova yenye umande, povu hujaa tumboni, gesi hukosa njia, na ubavu wa kushoto hutuna kama ngoma. Nimeona watu wakilia kwa ng'ombe aliyekufa namna hii kabla jua halijapanda, mnyama aliyekuwa akisomesha watoto watatu.

Hapo tanini ndiyo rafiki. Inashika zile protini zinazoshikilia povu na kulivunja, na kiasi kidogo sana kinatosha, chini hata ya nusu asilimia ya chakula. Mpe ng'ombe mafungu ya desmodiamu au kaliandra pamoja na nyasi kavu kabla hajatoka zizini, kisha subiri umande ukauke. Usimtoe akiwa na tumbo tupu.

Akivimba tayari, mwinue kichwa, mtembeze akipanda mlima, na mnyweshe mafuta ya kula, robo lita hadi nusu lita kwa ng'ombe mzima, polepole kupitia pembeni mwa mdomo ili yasiingie mapafuni. Mawese yanafaa, ila asubuhi za baridi za Masisi huwa yameganda. Yapashe yayeyuke, yapoe yawe vuguvugu, ndipo umnyweshe. Wakati huohuo mtu mwingine awe amekwenda kumwita daktari wa mifugo.

5. Kiangazi usijaze pengo la nyasi kwa kaliandra peke yake

Hiki ndicho kidokezo ninachotaka kila mfugaji akishike, hata akisahau vingine vyote.

Kiangazi kikikomaa, nyasi hukauka na protini yake hushuka. Ikifika chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumbo kubwa vinaanza kufa njaa, na vikifa njaa hakuna wa kumeng'enya nyasi. Mfugaji anaangalia kilima, anaona kijani pekee iliyobaki ni kichaka cha kaliandra, anaongeza mzigo: jana kikapu kimoja, leo viwili, kesho vitatu. Nia ni njema. Lakini ni wakati huohuo ambapo jani limebeba tanini nyingi kuliko mwezi mwingine wowote, na tanini hiyo inafungia protini mbali na vijidudu vilivyokuwa vikiihitaji kuliko wakati wote. Ng'ombe ana protini mbele yake na bado ana njaa.

Kipimo salama kinajulikana. Kaliandra isizidi theluthi moja ya chakula chote ukikihesabu kikavu. Embu, nchini Kenya, ambako wakulima na watafiti walijaribu kwa miaka mingi, ushauri uliozoeleka ni kilo 6 za majani mabichi kwa siku kwa ng'ombe wa maziwa, nazo hushika nafasi ya kilo 2 hivi za unga wa kulishia. Kilo 6 mbichi zikikauka hubaki kama 2, na ng'ombe wa kilo 400 hula kilo 10 hadi 12 za chakula kikavu kwa siku. Ina maana kilo 6 ni kama moja ya tano ya chakula chake. Bado una nafasi kabla ya kufika theluthi. Mwezi wa Julai na Agosti, mimi ningebaki palepale kwenye 6 nisiongeze.

Pengo linalobaki lizibe kwa vitu visivyo na ukakasi mwingi. Masisi ni nchi ya maharage: mashina na maganda yake baada ya kupura yasichomwe shambani, yahifadhiwe chini ya paa. Matembele ya viazi vitamu ni chakula kizuri sana. Majani ya sesbania, mkunde mwingine, yana tanini kidogo kuliko ya kaliandra. Migomba nayo hutoa maji na ujazo, ingawa protini yake ni haba. Ukichanganya vitu hivi na kaliandra, vijidudu vinapata protini ya haraka kutoka kwa matembele na sesbania, na mnyama anapata ile iliyofichwa na tanini.

6. Ng'ombe asiyeweza kuchagua yuko hatarini zaidi

Miaka ya 1980 huko Afrika Kusini, tandala waliofungiwa kwenye mashamba ya wanyamapori yenye uzio walikufa kwa wingi wakati wa kiangazi. Matumbo yao yalikutwa yamejaa majani ya migunga ambayo hayakusagika. Tandala aliye huru hula jani hapa, jani pale, na kuhama. Wale walibaki na miti ileile, siku baada ya siku, nayo ilikuwa imejaa tanini.

Lichukue hilo ulilete Masisi. Zamani mchungaji aliweza kuvuka kilima akatafuta bonde lenye maji. Sasa kuna misimu ambapo kilima cha pili hakifikiki kwa sababu ya bunduki. Tangu vita virudi, na hasa baada ya Rubaya, jirani ya Bihambwe, kubadilisha mikono mwaka 2024, familia nyingi zimefungia mifugo michache iliyosalia karibu na nyumba, na nyingine zimekimbia bila mnyama hata mmoja. Aliyebaki na ng'ombe wawili kwenye eneo dogo ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu kuliko mwenye shamba kubwa, maana yeye ndiye anayemchagulia ng'ombe kila tonge. Hata ikiwa ni majani ya aina tatu tu yaliyokatwa kandokando ya njia, mpe aina tatu. Asile moja.

7. Soma kinyesi na hori

Kinyesi kikiwa kigumu, kikavu na cheusi kuliko kawaida, majani yamenuswa yakaachwa horini, ubavu wa kushoto umelegea, maziwa yamepungua kwa siku mbili tatu mfululizo: punguza majani ya ukakasi kwa nusu na uongeze matembele au mabaki ya maharage. Mabadiliko huonekana upesi. Yasipoonekana ndani ya wiki, tatizo si tanini, tafuta daktari.

8. Kaliandra bichi, siku ileile

Majaribio ya Australia katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kaliandra iliyonyauka au kukaushwa husagika vibaya kuliko iliyotoka kichakani. Wapo wafugaji wa Kenya wanaoikausha kivulini na kuitumia bila malalamiko, hasa ikiwa sehemu ndogo ya chakula. Kwetu, ambako kichaka kiko hatua chache kutoka zizini na mvua haziruhusu kukausha sehemu kubwa ya mwaka, sioni sababu ya kuhangaika. Kata asubuhi, lisha kabla ya jioni. Kama majani yanaletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka mbali, yafunikwe yasipigwe jua njiani.

9. Mbuzi anavumilia zaidi, na ana faida ya ziada

Mbuzi kwa asili ni mla vichaka. Hustahimili ukakasi kuliko ng'ombe na kondoo, ndiyo maana mabaki anayoyakataa ng'ombe unaweza kumpa yeye. Zaidi ya hapo, majani yenye tanini hupunguza minyoo inayonyonya damu tumboni mwa mbuzi na kondoo, ile inayosumbua hasa wakati wa mvua. Hayachukui nafasi ya dawa, lakini yanapunguza mara ambazo utahitaji kuinunua, na dawa isiyotumiwa ovyo haizoelewi haraka na minyoo. Funua kope la chini la mbuzi uangalie rangi ya ndani: jekundu ni zuri, jeupe ni hatari. Afrika Kusini walibuni kadi ya rangi kwa ajili ya kazi hiyo, ila jicho la mfugaji aliyezoea mifugo yake linafika mbali hata bila kadi.

10. Dende, sungura na nguruwe ni habari nyingine

Familia nyingi za Kivu, pamoja na zilizo kambini, hufuga dende, ambao wengine huwaita kobayi au simbilisi. Wanahitaji nafasi ndogo na majani tu. Lakini hawa, kama walivyo sungura na nguruwe, hawana lile tumbo kubwa la kuchachushia chakula kabla hakijafyonzwa na mwili, kwa hiyo ule ujanja wa kuficha protini hauwasaidii kitu; wanabaki na hasara peke yake. Wape nyasi laini, matembele na majani ya maharage. Kaliandra iwe ya kuonja.

11. Samadi ya mla tanini ni ya kutunza

Ng'ombe anayekula majani ya tanini hutoa naitrojeni kidogo kwenye mkojo na nyingi zaidi kwenye kinyesi. Mkojo hupotea hewani na ardhini, kinyesi unakiona na unaweza kukikusanya. Samadi hii huoza polepole, kwa hiyo iweke shambani mapema kabla ya kupanda viazi au maharage. Nyingine irudishe kwenye mashina ya vichaka vyenyewe. Kumbuka lotasi ya Nyuzilandi: udongo ulioshiba huzaa jani lenye ukakasi mdogo. Ukikata kaliandra mwaka mzima bila kurudisha chochote, unajitengenezea tanini kwa mikono yako.

12. Panda kwa kuangalia mwinuko na mteremko

Lusina ya kawaida ni mti wa joto. Haipendi baridi ya vilima vyetu wala udongo mchachu, kwa hiyo usipoteze pesa. Kaliandra inastahimili uchachu, ila ukipanda juu ya mita 2,000 hivi inakua kwa kusuasua. Huko juu ongeza desmodiamu, inayotambaa vizuri kati ya matete na setaria. Sesbania uiweke kwenye mabonde yenye unyevu.

Panda mistari ikifuata usawa wa kilima, sambamba na matuta. Aprili 2023 mlima uliporomoka hapa Masisi na kuua watu wasiopungua 20, wengi wao akina mama na watoto waliokuwa wakifua nguo chini yake. Vichaka vya malisho haviwezi kuzuia mlima mzima usianguke, na asikudanganye mtu kwamba vinaweza. Vinazuia udongo wa juu usichukuliwe na mvua ya kila siku, na udongo huo ndio unaobeba rutuba.

Mbegu za kaliandra ziloweke kwenye maji baridi kwa saa 48, uzisie kitaluni mwezi wa Mei au Juni na kuzimwagilia kiangazi chote, kisha uhamishie miche shambani mvua za Septemba zikishika. Vichaka 500 vinamtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima kwa kile kipimo cha kilo 6. Si lazima uwe na shamba la peke yake kwa ajili hiyo. Ua wa nyumba, kingo za matuta na mpaka na jirani vinabeba vichaka vingi kuliko unavyodhani. Subiri miezi 9 hadi 12 kabla ya kukata mara ya kwanza, na usikate chini ya kiuno cha mtoto, kati ya sentimita 60 na mita moja kutoka ardhini, ili shina lichipue tena.